Mtoto huyu si mvivu, ana disleksia

Mhariri,

Wazazi na walimu, tuache kumwita mtoto mzito kabla ya kumchunguza. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, huweza kusimulia hadithi vizuri, lakini akipewa kitabu hukwama kwenye silabi, na hata darasa la nne bado huchanganya b na d. Kwa kuwa Kiswahili husomeka kama kinavyoandikwa, wengine hupatia maneno, ila husoma polepole mno. Mtu mzima hukwepa kusoma mbele za watu na hujaza fomu kwa shida. Mara nyingi hali hii hurithiwa, wala haipunguzi akili. Fimbo haiitibu. Tumpime mtoto kwanza macho na masikio, kisha tumfundishe sauti za herufi hatua kwa hatua na kumwongezea muda wa mtihani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro