Sheria Inaruhusu, Mzee wa Kanisa?

Nimechoka na maneno mawili. "Sheria inaruhusu." Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye vikao vya posa, na nimeyasikia, Mungu atuhurumie, nje ya mlango wa kanisa, yakitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amepokea Chakula cha Bwana muda mfupi tu uliopita. "Binti ametimiza 15. Sheria inaruhusu. Tatizo liko wapi?"

Tatizo, mzee wangu, ni kwamba umesema kweli.

Sheria inaruhusu. Wako watu hapa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, wanaodhani huu ni uzushi wa wanaharakati. Fungua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 13. Mwanamume haoi mpaka afikishe 18. Msichana anaolewa akiwa na 15. Na kama 15 unaiona mbali, mahakama inaweza kumruhusu hata wa 14 pakiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema nani atoe idhini kama binti hajafika 18: baba. Baba akiwa amefariki, mama. Wote hawapo, mlezi.

Miaka 15! Mlutheri mwenzangu, mtoto wa miaka 15 unamkuta wapi? Unamkuta darasa la kipaimara. Jumamosi yuko kanisani anakariri Katekisimo Ndogo, anakosea amri ya saba, wenzake wanamcheka. Siku ya kubarikiwa anavaa gauni jeupe, tunapiga vigelegele, tunachinja mbuzi. Halafu mwaka huohuo tumvalishe gauni jeupe la pili? Juzi mchungaji alimwuliza kama anazijua amri kumi, leo mwanamume wa miaka 35 anamwuliza lini atamzalia?

Mtoto huyu hawezi kupiga kura. Kitambulisho cha NIDA hapewi, kwa sababu bado mdogo. Nenda naye benki mkamwombee mkopo, mtachekwa. Lakini cheti cha ndoa anaweza kutia sahihi. Sheria hiyohiyo inadai akubali kwa hiari yake. Hiari gani? Mtoto aliyeamkia ng'ombe wamefungwa uani, wazee wameshakunywa pombe ya makubaliano, mama analia jikoni kwa siri, ndiye mwenye hiari?

Na ukitaka kichwa kikuume vizuri, ziweke sheria zetu mezani zikae pamoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafika 18. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema anayelala na binti aliye chini ya 18 amebaka, hata kama binti alikubali, na adhabu yake si chini ya miaka 30 jela. Isipokuwa awe mke wake aliyefika 15.

Soma tena, taratibu. Usiku uleule, kitanda kilekile, mtoto yuleyule. Baba hajakubali, ni ubakaji. Baba amekubali, ni ndoa, na pilau juu.

Wenye akili wameshaipata njia. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: ukimwoa mwanafunzi au ukampa mimba, jela miaka 30. Vizuri sana, tukashangilia. Lakini asiye mwanafunzi je? Basi baba anamwita binti wa darasa la saba jioni, anamwambia: jifelishe. Jaza majibu ya uongo. Ukifaulu utanijua mimi ni nani. Binti mwenye akili kuliko kaka zake wote anaingia kwenye chumba cha mtihani na kujiua kimasomo kwa mkono wake mwenyewe, ili atii amri ya nne. Anakaa nyumbani mwaka mmoja, anakaa miwili, tarakimu ya sheria inatimia. Ng'ombe wanafika. Hakuna aliyevunja sheria.

Kwetu sisi wa chini ya Mlima Meru, Waarusha na Wamaasai, tusidanganyane: mara nyingi ndoa hiyo hutanguliwa na kisu. Ile sheria ya 1998 ilipiga marufuku kuwakeketa watoto. Kisu kikahamia gizani. Na kwa nini kisihamie gizani? Sheria moja inakataza kisu, nyingine inaruhusu harusi ambayo kisu kilinolewa kwa ajili yake. Unamkamata ngariba, unamwachia bwana arusi.

Mwanamke mmoja Mtanzania aliikataa hali hii. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 8 Julai 2016 mahakama ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikafanya nini? Ikakata rufaa! Wanasheria wa Serikali wakasimama mbele ya majaji kutetea ndoa ya mtoto wa miaka 15. Wakasema inamlinda binti aliyepata mimba nje ya ndoa. Wakasema ni mila, ni dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Ule mwaka mmoja uliisha zamani. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine. Tukaambiwa maoni yanakusanywa, viongozi wa dini wanasikilizwa.

Hapo sasa ndipo nakukamata shati, Mkristo. Wewe ulisema nini? Usharika wako ulisema nini? Kwaya yenu imetoa albamu ngapi tangu 2016, na ni wimbo gani uliomtaja mtoto huyu?

Najua utakimbilia wapi. Utasema Biblia inatuagiza kutii mamlaka. Kweli inatuagiza. Lakini nani amekuamuru umwoze? Kifungu cha 13 kinaruhusu, hakiamuru. Ukimwambia mshenga arudi binti akifika 18, hakuna askari atakayebisha hodi kwako. Shifra na Pua, wale wakunga wa Misri, walikataa amri ya Farao ya kuua watoto wachanga, na shingo zao zilikuwa rehani. Wewe unachohatarisha ni ng'ombe wanane na blanketi. Na umeshindwa.

Mafarisayo walimwendea Yesu na hoja hiihii yako. Talaka inaruhusiwa na sheria ya Musa, tatizo liko wapi? Soma Mathayo 19. Yesu hakukana kwamba Musa aliruhusu. Aliwajibu kwamba ruhusa ile ilitoka kwenye ugumu wa mioyo yao, na kwamba Mungu hakupanga hivyo alipoumba. Aliwapandisha wakatazame mwanzo, wao walikuwa wameng'ang'ania kifungu. Basi jiulize: kifungu cha 13 kilitungwa kwa ajili ya utakatifu wa nani? Kilitungwa kwa ajili ya mioyo migumu. Yetu.

Mwingine ataniambia Mariamu aliolewa akiwa mdogo. Nionyeshe umri wake katika Injili yoyote kati ya zile nne. Hutauona, haumo. Lakini Mwanzo 24 imo. Mtumishi wa Abrahamu alikuja na ngamia na dhahabu, kaka na baba wameshakubali, mali imeshapokewa. Na bado wakamwita Rebeka, wakamwuliza mwenyewe kama atakwenda na mtu huyu. Zama za ngamia hizo! Sisi wenye simu janja tunamjulisha binti siku ya harusi.

Na usinipe habari ya "sheria ni sheria", si hapa Meru. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kule Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa walowezi wachache. Sheria ilikuwepo. Amri ilikuwepo, yenye muhuri. Wazee wetu, wengi wao watu wa kanisa, hawakusema sheria inaruhusu. Walichanga hela, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kule New York kusema hii ni dhuluma. Ardhi yetu ikiguswa tunavuka bahari. Binti yetu akiguswa tunatafuta kifungu. Ekari imepata mtetezi, mtoto amekosa?

Nyani haoni kundule. Mwaka 2009 Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa za jinsia moja, na mwaka uliofuata kanisa letu la Kilutheri, KKKT, likatoa Tamko la Dodoma kulikataa jambo hilo. Sigombani na tamko hilo. Ninachouliza ni hiki: sauti iliyosikika mpaka Stockholm, mbona haisikiki mpaka boma la jirani? Tulijua kusema kwamba sheria ya Wasweden haiwezi kubadili mpango wa Mungu. Safi. Sheria ya Watanzania inaweza? Wapo wachungaji na maaskofu wanaosema, na wengine wanatukanwa kwa kusema. Mimi nakusema wewe wa benchini, unayeitikia "Amina" kwa nguvu dhambi ikiwa ya Ulaya, na kukohoa ikiwa ya ukoo wako. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena acha kujificha nyuma ya Waislamu. Kila nikianza mazungumzo haya kuna mtu ananinong'oneza kwamba wanaokwamisha ni "wale wenzetu". Wale wenzetu wana wasomi wao, waache wajadiliane. Baba anayemwoza binti huku kwetu ana kadi ya usharika. Bahasha ya ahadi analipa. Jina lake liko kwenye kamati ya ujenzi.

Unajua kinachofuata baada ya harusi? Unajua, ila unapenda tukwambie kwa maneno ya adabu. Leo nitaacha adabu. Mficha uchi hazai.

Nyonga ya mtoto haijapanuka. Uchungu unamkamata mbali na hospitali, siku ya kwanza, siku ya pili. Kichanga kinakwama, kinafia humo. Akipona yeye, anapona na fistula: mkojo unavuja usiku na mchana, harufu haimwachi, mume anamrudisha kwao. Au hafiki huko, anazaa salama, anazaa tena, na akiwa na miaka 20 ana watoto watatu na hajui kusoma ujumbe wa simu. Akipigwa akakimbilia kwa baba yake, baba anamrudisha kwa fimbo, maana akivunja ndoa mahari itadaiwa, na ng'ombe walishauzwa kununua pikipiki ya kaka. Mume mzee akifa, ndugu zake wanagawana shamba, na yeye wanamgawana vilevile.

Na binti yake mkubwa anakaribia 15. Sheria inaruhusu.

Hawa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba katika wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 31 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Karibu mmoja kwa kila watatu. Hesabu mwenyewe kwenye kwaya ya vijana.

"Afadhali aolewe kuliko azalie nyumbani." Hili nalo. Tangu Novemba 2021 Serikali ilikwisha kusema binti aliyejifungua arudi shule. Kwa hiyo mlango uko wazi, kisingizio kimekufa. Unayemlinda kwa ndoa hiyo si binti. Unalinda jina lako, na mara nyingine unamlinda aliyempa mimba, ambaye badala ya mahakama amepewa mke. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa kwetu analia mwana peke yake, baba anakula nyama.

Barabara inayopita hapa Olmotonyi inakwenda Namanga. Ukivuka mpaka, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema 18, mvulana na msichana, hakuna idhini ya baba wala ya nani. Wamaasai ni walewale, ng'ombe ni walewale. Sisemi huko kumekuwa mbinguni. Watoto bado wanaozwa kwa siri. Lakini huko anayeoza mtoto anajificha. Huku anakodi turubai na spika.

Na kanisa likitaka linaweza. Monduli kuna sekondari ya Kilutheri ya wasichana wa Kimaasai, ilifunguliwa 1995, na mabinti waliopita pale leo ni wauguzi, walimu, mama wa nyumba zao. Hakuna aliyesubiri Bunge. Kwa hiyo usiniambie hatuna uwezo. Tuna uwezo, tuna mimbari kila kijiji, tuna mzee wa kanisa kila kitongoji anayejua nani amepokea posa ya nani. Serikali haina mtandao kama huo. Mzee wa kanisa anajua kabla ya mtendaji wa kijiji, kabla ya dawati la jinsia la polisi. Anajua, halafu anaenda kufungua sherehe kwa sala.

Muulize mbunge wako, akija na kanga zake, atapiga kura gani kifungu cha 13 kikifika Bungeni. Muulize mbele za watu. Mwulize na mchungaji wako kama usharika utamruhusu mwozaji wa watoto aendelee kushika kikapu cha sadaka. Lakini hayo ni ya kesho.

Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Hapo mtaani kwako yupo binti anayeambiwa jioni hii ajifelishe. Jina lake unalijua. Baba yake unamjua, mnakaa benchi moja. Vaa viatu, nenda kwake sasa hivi.