Printa ya Ofisi Kubwa Inajiamsha, ya Saiba Inazikwa

Niliacha chuo mwaka wa pili nikaangukia kazi ya saiba Kawangware, malipo ya siku kwa siku. Nyumbani ni Kibera, kwa hivyo asubuhi ilikuwa ni mguu tu. Printa moja ndiyo ilitulisha sote: kopi bob 5, kuprinti bob 10.

Siku moja ikaomba apdeti. Nikabonyeza sawa. Ilipofika nusu, stima ikapotea. Stima iliporudi, printa iliwasha taa moja nyekundu, basi. Kulikuwa na msichana amesimama pale na CV kwa simu, intavyu saa nne. Alitoka mbio kutafuta saiba ingine, na sijui kama alifika. Fundi alisema bodi imeenda, na bodi mpya ni karibu nusu ya bei ya printa. Wiki nzima hakuna kazi, na mimi hakuna pesa.

Bosi alinilaumu. Hata mimi nilijilaumu, mpaka nikaanza kusoma kilichotokea.

Iko hivi. Kila kifaa cha ofisi, iwe printa, skana au rauta, kina famweya: programu inayokaa ndani ya chipu na kukiamsha kifaa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa vifaa vingi vya bei ya chini, ukiapdeti, ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa palepale. Stima ikikatika katikati, kifaa kinabaki na nusu ya programu. Hakijui hata kuwaka ili uombe msaada.

Na dawa iko, tena si ya jana. Unagawa memori vyumba viwili. Chumba cha kwanza kina famweya inayofanya kazi. Apdeti inaandikwa chumba cha pili. Kifaa kinaikagua, kinajaribu kuwaka nayo, na ikikwama kinarudi chenyewe kwa ile ya kwanza. Hakuna fundi, hakuna kulaumiana. Android ilileta mpango wa aina hii kwa simu mwaka 2016, toleo la 7.0.

Printa pia zinaweza. Mwaka 2015 HP ilianza kuweka Sure Start kwa LaserJet za Enterprise: programu ya kuwasha ikiharibika, mashine inajiwasha upya kwa nakala safi iliyofichwa ndani. Lakini Mei 2023, apdeti ya HP hiyohiyo iliacha baadhi ya OfficeJet Pro na skrini ya bluu na kosa 83C0000B. Wenyewe walikuwa hawajakosea kitu. Yetu haikuwa HP, lakini somo ni lile lile: kujiponya kunauzwa kama anasa ya ofisi kubwa.

Hapo ndipo mimi nakataa. Ofisi kubwa ina jenereta, ina mtu wa IT, ina printa ingine hapo kando. Anayehitaji mashine inayojiamsha ni huyu wa Kawangware na Kibera ambaye stima inampotea bila hodi. Tumebaliwa kinyume: asiyeanguka ndiye amepewa mto.

Watasema memori zaidi ni gharama. Sawa, lakini hiyo gharama haijapotea, imehamishwa tu. Tuliilipa sisi, bosi kwa bodi na mimi kwa wiki bila mshahara. Wengine watasema famweya ya zamani ina mashimo ya wezi wa mtandao. Ni kweli, ndiyo maana kifaa kikisharudi nyuma kinafaa kijaribu apdeti tena. Na printa iliyokufa haiwezi kupokea apdeti yoyote ya usalama.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Ndiyo, 46, kama namba ya mathree ya Kawangware, kwa hivyo huna sababu ya kuisahau. Printa inayouawa na apdeti ya mwenye kuitengeneza haina ubora unaofaa kwa mji ambao stima hukatika.

Kwa hivyo ukienda Luthuli kununua printa au rauta, usiulize bei na wino pekee. Muulize muuzaji: stima ikipotea katikati ya apdeti, hii itajirudisha yenyewe? Akikuangalia tu, uliza duka linalofuata. Tukiuliza wengi, watabeba hilo swali hadi kwa wanaowauzia. Na wewe uliye kwa saiba leo, usibonyeze sawa mteja akiwa kwa foleni.