Kabla ya kununua mashine ya mazutu, tuangalie mawese yetu



Miezi hii wachuuzi wa mashine wanapita vijijini na chupa ndogo ya mazutu safi. Wanasema imetoka kwa mawese kama yenu, kwa nguvu ya kichocheo kipya. Koperative kadhaa zimetuuliza kama zitoe feza za akiba. Sisi tunasema: bado.

Si kwamba ni uongo. Mwaka 1937 Chavanne, mwalimu wa chuo kikuu cha Bruxelles, alipata hati ya uvumbuzi wa kugeuza mawese kuwa mafuta ya moteri, na mwaka 1938 basi lilitembea nayo kati ya Bruxelles na Louvain. Kazi yenyewe ni ya zamani. Shida iko ndani ya bidoni zetu.

Kichocheo hakigeuki mazutu. Kinasaidia tu mafuta yaungane haraka na methanoli. Kile cha bei ndogo ni soda kostiki, ile ile ya wamama wa sabuni. Lakini ngazi zikilala siku nyingi kabla ya kukamuliwa, mafuta yanapata asidi. Asidi ikikutana na soda, njo sabuni inazaliwa. Sisi wenyewe tulijaribu bidoni moja ya litri 20, ya ngazi zilizokaa siku tisa. Asubuhi tulikuta uji mzito, haukutaka kujitenga. Wamama walicheka sana. Hata kufulia haukufaa, juu ya methanoli iliyobaki ndani.

Vichocheo vipya ni vigumu kama mchanga: unavichuja, unavitumia tena. Kimoja ni chokaa ya maganda ya mayai yaliyochomwa kwenye moto wa digri 800 na zaidi. Ni kizuri, lakini nacho hakipendi asidi wala maji. Vingine vinavumilia mafuta yenye asidi, ila vinadai joto kali, saa nyingi na methanoli nyingi zaidi.

Na hiyo methanoli, mchuuzi haitaji. Kwa kilo 100 za mafuta, kwa kawaida unatia kilo 20 na kitu. Ni sumu, inapofusha macho, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Haiuzwi kwenye soko la kijiji. Itakuja na kamio, kwa barabara ile ile mbovu inayochelewesha mazutu. Sasa tumejikomboa na nini?

Feza hizo afadhali ziende kwenye mapipa ya kuchemshia na kamulio nzuri. Ngazi zikichemshwa siku ya kuvunwa, ao kesho yake, asidi haipandi. Biashara ya mawese ghafi inakubali asidi mpaka asilimia 5, soda inataka karibu asilimia 1. Mafuta ya namna hiyo yatapata bei nzuri sokoni kwa chakula, hata kama mashine haitafika kamwe. Na siku ya soko, mtu apige hesabu: litri ya mawese ni ngapi, litri ya mazutu ni ngapi?

Mchuuzi akirudi, mumupe bidoni nzima ya mafuta yenu, si yake. Afanye kazi mbele ya wanamemba, aseme kichocheo kinarudiwa mara ngapi na methanoli inauzwa bei gani ikifika kwenu. Akikataa, aende na chupa yake.