Mama Aliyepasuliwa Asiishi na Hofu

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, tuketi kidogo tuzungumze mambo ya nyumbani.

Mama amezaa mara nyingi, kila mara kwa shida. Daktari anamshauri afunge mirija. Mwingine ana uvimbe, anatolewa kizazi. Kidonda kinapona, kazi zinaendelea. Siku moja, akitwanga sombe, anaushika mchi ukiwa juu na kujiuliza: je, kupasuliwa kule kutaniletea kansa ya titi?

Mama, tulia. Mirija ni njia ya kupitisha yai tu. Ikifungwa, ovari zinazotoa yai hilo zinabaki mahali pake, na homoni zake zinaendelea kupita katika damu. Uchunguzi uliofuata maelfu ya wanawake kwa miaka mingi haukuona kwamba kufunga mirija kunaongeza kansa ya titi.

Na kama pamoja na kizazi zilitolewa ovari pia? Ovari zina habari yake. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi alivyomwondolea mgonjwa wa kansa ya titi ovari zote mbili, na uvimbe ukapungua. Baadaye sababu ilijulikana: homoni ya estrojeni, inayotoka kwenye ovari, hulisha kansa nyingi za titi. Anayetolewa ovari zote mbili kabla ya hedhi kukoma, hatari yake hupungua. Lakini mifupa yake hudhoofika mapema, na moyo waweza kuathirika. Kwa hiyo ovari haziondolewi bila sababu kubwa.

Unanyonyesha? Umefanya vizuri. Kila miezi 12 ya kunyonyesha nayo hupunguza hatari ya kansa ya titi kwa karibu 4 kwa 100.

Kufunga mirija hakuleti kansa ya titi, lakini pia hakumkingi mama nayo. Basi tufanye nini?

Mama, ukiwa na sabuni mkononi wakati wa kuoga, pitisha vidole taratibu kwenye titi zima mpaka kwapani. Kuna kivimbe kigumu, hata kisichouma? Ngozi imebonyea? Chuchu imeingia ndani, au inatoa damu? Usingoje mpunga uvunwe kwanza. Nenda kituo cha afya wiki hii hii.

Baba, mkeo akikuambia, utamsikiliza? Tafuta pikipiki, mpeleke. Safari ya hospitali isiwe ya mama peke yake.

Wauguzi wetu, mama akitoka kupasuliwa, mwelezeni kwa lugha yake: ni mirija, kizazi au ovari? Mwandikieni kwenye karatasi. Imamu baada ya swala ya Ijumaa, na mchungaji Jumapili, hawawezi kutusaidia kulieneza neno hili?

Na karatasi hiyo ya muuguzi iwekwe pamoja na kadi za chanjo za watoto, mahali mvua haifiki. Daktari wa kesho ataihitaji. Leo jioni, mkishakula, ulizaneni kwa upole: karatasi ya mama iko wapi?