Kabla ya kulipia hema mbugani, uliza pesa zako zitamfikia nani

MJADALA uliozuka mwaka wa 2025 kuhusu kambi ya kifahari iliyojengwa kando ya Mto Sand, katika Hifadhi ya Taifa ya Maasai Mara, ulifika hadi mahakamani. Waliopinga walihofia kwamba majengo hayo yangeziba njia ya nyumbu wanaovuka kutoka Serengeti. Waliounga mkono walishikilia kuwa taratibu zote zilikuwa zimefuatwa.

Katika zogo hilo, swali moja linalomhusu Mkenya wa kawaida halikupewa uzito unaostahili: mgeni anapolipia kitanda nyikani, ni nani hasa anayelipwa?

Swali hili si la watalii wa ng'ambo peke yao. Familia nyingi za humu nchini sasa huweka akiba ili kwenda kuwaona wanyama wakati wa likizo, na baadhi yazo zimechoka na hoteli kubwa zenye mamia ya vitanda. Zinatafuta kambi ndogo, yenye mahema manane au kumi, ambako mwongoza watalii anajua jina la kila mtoto kufikia jioni ya kwanza. Aghalabu kambi za aina hii hazimo ndani ya mbuga za serikali. Zimo katika ardhi ya wenyeji, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Kwa makadirio yanayotumiwa mara nyingi, takribani asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za taifa. Wanalisha katika ardhi ya wafugaji, ranchi na mashamba ya watu binafsi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ililitambua hilo kwa kuwaruhusu wenye ardhi kutenga maeneo yao kuwa hifadhi za jamii, na leo nchi ina zaidi ya hifadhi 160 za namna hiyo.

Hifadhi ya jamii haina hazina ya serikali ya kuitegemea mwaka hadi mwaka. Nyingi ya zile zinazopokea watalii huishi kwa kitanda cha mgeni.

Hesabu ya hema moja

Tuchukue mfano wa Mara. Baada ya ranchi za kundi kama Koiyaki kugawanywa, familia nyingi zilipata vipande vya ekari 150 hivi, kila moja na hatimiliki yake. Wenye vipande hivyo wangeweza kuweka ua, kulima au kuuza. Badala yake, wengi waliungana na kukodisha ardhi yao kwa wenye kambi, ambao hulipa kodi kila mwezi iwe mvua iwe jua, wageni wawepo wasiwepo. Hifadhi ya Olare Orok ilianzishwa hivyo mwaka wa 2006, Mara North ikafuata 2009 na Naboisho 2010. Naboisho peke yake ina takribani ekari 50,000 na wenye ardhi wapatao 500.

Ili wanyama wasisongwe, hifadhi hizi huweka kikomo cha vitanda. Katika Olare Orok, ambayo sasa ni sehemu ya Olare Motorogi, kipimo kilichokubaliwa ni hema moja kwa kila ekari 700. Ukigawanya ekari hizo kwa vipande vya ekari 150, utapata kwamba hema moja linabebwa na ardhi ya karibu familia tano. Usiku mmoja hema likikaa tupu, ni familia tano ambazo pato la ardhi yao limelala.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini kambi ndogo hugharimu pesa nyingi kuliko hoteli ya vyumba 100. Mwenye kambi hana vitanda vingi vya kugawanyia gharama. Analipa kodi ya ardhi, walinzi wa wanyama, mafuta ya magari na mishahara, kisha juu ya hayo kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16 na ada ya Hazina ya Utalii ya asilimia 2. Kwa hivyo, bei kubwa si lazima iwe ulafi. Lakini pia si lazima iwe uhifadhi. Zipo kambi zinazojinadi kwa jina la jamii ilhali jamii yenyewe huambulia vibarua vya kufagia na kuuza shanga langoni.

Maswali ya kuuliza

Anayepanga safari, basi, ana haki na pia ana wajibu wa kuuliza kabla ya kutuma pesa. Swali la kwanza ni kama kambi ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011. Swali la pili ni kama bei iliyotajwa ni ya raia au ya mgeni wa ng'ambo, kwani kambi nyingi huwa na orodha mbili za bei na ile ya Wakenya haitangazwi sana. Asiyeuliza huenda akakata tamaa kwa kuona bei ya dola ambayo haikumhusu tangu mwanzo.

La tatu ni bei hiyo inajumuisha nini. Katika kambi ndogo, bei ya mtu mmoja kwa usiku mara nyingi hujumuisha chakula, gari la kutazama wanyama na mwongozaji. Katika hoteli ya bei nafuu, gari hulipiwa kando. Ukilinganisha bei mbili bila kuuliza hili, utadhani moja ni rahisi kumbe mwishowe itakugharimu sawa au zaidi.

La nne ni ada ya kuingia. Hapa ndipo wengi hutatizika. Ada ya hifadhi ya jamii hulipwa kwa hifadhi hiyo. Ada ya Hifadhi ya Taifa ya Maasai Mara hulipwa kwa Kaunti ya Narok, nayo ni malipo tofauti. Tangu Julai 2024, mgeni asiye mkazi wa Kenya hulipa dola 200 kwa siku kati ya Julai na Desemba, na dola 100 kati ya Januari na Juni, na tiketi hudumu kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Raia hulipa ada ya chini mno kwa shilingi, lakini kanuni ni ile ile: anayelala katika hifadhi ya jamii na kutaka kwenda mtoni kuwatazama nyumbu wakivuka, atalipia malango mawili. Kwa upande wa mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), malipo hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen kabla ya kufika langoni.

La tano, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hili: ardhi hii ni ya nani, na kambi inamlipaje? Meneja aliye na jibu safi atalitoa kwa dakika moja. Atakutajia idadi ya wenye ardhi, namna kodi inavyolipwa, na wafanyakazi wangapi wametoka vijiji jirani. Mwongozaji mwenyewe huenda akawa mtoto wa mwenye ardhi aliyehitimu katika chuo cha Koiyaki, kilichoanzishwa mwaka wa 2005 ili vijana wa Mara wasome kazi hiyo nyumbani kwao. Meneja anayeanza kuzungukazunguka na kukuonyesha picha za bwawa la kuogelea, amekujibu pia.

Mifano nje ya Mara

Mara si mwisho wa dunia. Kule Laikipia, jamii ya Wamaasai wa Il Ngwesi ilifungua loji yake mwaka wa 1996, yenye vibanda sita tu vilivyojengwa kwa miti na nyasi za eneo hilo. Wenyeji ndio wenye loji na ndio waiendeshao. Mwaka wa 2002 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Loji ile ilithibitisha kwamba wafugaji wanaweza kuwa wenyeji wa mgeni badala ya kuwa mandhari ya picha zake.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, ranchi tatu za Lualenyi, Mramba na Oza ziliungana na kuunda hifadhi ya LUMO, jina lililotokana na herufi zao za kwanza. Hifadhi hiyo inapakana na Tsavo Magharibi. Msafiri asiye na gari anaweza kupanda treni ya SGR, iliyoanza safari za Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, akashuka Voi na kuendelea kwa barabara ya Taveta. Kwa familia ya mwalimu au mfanyabiashara mdogo, njia kama hii huenda ikaifanya ndoto iwe safari.

Hata hivyo, jina la jamii peke yake halitoshi kuwa hakikisho. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kulalamika kuwa hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu ardhi yao. Uamuzi huo ni onyo kwa wote wanaodhani kwamba kuchora ramani na kuajiri walinzi kunatosha. Hifadhi ambayo mchungaji anaiona kama unyang'anyi haitadumu, hata kama mgeni anaiona kama paradiso.

Msimu na njia

Wakati wa kusafiri nao huamua mengi. Nyumbu huwa Mara kati ya Julai na Oktoba, na katika miezi hiyo bei hupanda na magari hujaa. Mkenya asiyefungwa na ratiba ya ndege za kimataifa anaweza kwenda Januari, Februari au Juni, wakati simba na ndovu wapo vile vile na kambi nyingi hushusha bei. Masika, kati ya Machi na Mei, huwa nafuu zaidi, lakini yataka tahadhari. Mapema Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake, mafuriko yakaingia kambini na wageni wakaokolewa kwa helikopta. Uliza kambi iko umbali gani kutoka mtoni, na gari litapita wapi mvua ikinyesha. Anayekwenda kwa ndege ndogo kutoka Wilson akumbuke kwamba mzigo huwa na kikomo cha kilo 15 hivi, na begi laini ndilo litakiwalo.

Kwa nini Mkenya ni muhimu

Kuna wanaosema kwamba kambi hizi ni za wageni wa ng'ambo na kwamba Mkenya hazimhusu. Hoja hiyo ilijibiwa na janga la Covid-19. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1. Kambi zilifungwa, vijana wakarudishwa nyumbani, na katika baadhi ya hifadhi wenye ardhi wakaombwa wakubali kodi ipunguzwe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hifadhi iliyotegemea abiria wa London na New York pekee iliuonja ukweli wa methali hiyo.

Watalii wa kimataifa wamerejea tangu hapo. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokea takribani milioni 2.4. Lakini idadi hiyo isitulevye. Vita, maradhi au onyo moja la usalama kutoka ubalozi linaweza kuyatoa tena mahema hayo wageni. Mgeni wa humu nchini ndiye anayeweza kufika hata viwanja vya ndege vikifungwa.

Wenye kambi nao wana lao la kutenda. Orodha ya bei za raia iwekwe wazi, kwa shilingi, pale pale penye ile ya dola. Siku za kati ya wiki na miezi isiyo na wageni zitengewe familia za Kenya kwa bei ya kueleweka. Hema linalolala tupu halimlipi mtu, wala halimpi mwenye ardhi sababu ya kuendelea kungoja.

Na mwenye ardhi hangoji milele. Mikataba ya kukodisha ina kikomo. Kila inapokaribia kuisha, mzee mwenye ekari zake 150 hupiga hesabu: kodi ya kambi upande mmoja, na upande wa pili bei ya ng'ombe, mkulima anayetaka kukodi shamba la ngano, au dalali mwenye mnunuzi. Katika sehemu kadha za Mara, nyua za waya tayari zimekatiza nyanda ambazo pundamilia walizipita kwa uhuru miaka 20 iliyopita. Ua ukishawekwa, kuung'oa ni kazi ngumu na ya gharama.

Kwa hiyo, yule anayeketi na familia yake kupanga siku tatu mbugani asidhani kwamba anachagua chumba na chakula tu. Pesa zake ni kura katika hesabu ile ya mzee. Aulize maswali matano, alinganishe majibu, kisha apeleke shilingi zake pale zitakapomfikia aliyekubali simba apite katika shamba lake.