Ndege, hewa na pisti fupi: utafiti wa vyuo vikuu unatuhusu nini Walikale na Masisi?

Mtu aliyeishi Walikale miaka ya 2000 anakumbuka Kilambo. Pale hapakuwa kiwanja cha ndege. Kulikuwa kipande cha barabara ya lami, na msitu huku na huku. Ndege ndogo zilitoka Goma, zinatua juu ya barabara ile ile, magari yanasimama kando. Wanapakia kasiterite ya Bisie, karibu tani 2 kwa safari moja, kiisha zinaruka tena. Kabla ya kufika pale, madini yalikuwa yamebebwa mgongoni katika pori, mwendo wa siku nzima ao mbili. Na ndege hazikuja tupu. Zilileta bidhaa za Goma, na bei ya vitu sokoni ilifuata safari zao.

Mwezi wa tisa 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Lakini Kilambo imetuachia swali moja: ndege yenye kubeba tani 2 inawezaje kusimama juu ya barabara fupi hivi? Jibu linapatikana katika utafiti ambao vyuo vikuu vya inje vinafanya mpaka leo. Utafiti huo unatugusa kuliko tunavyozani.

Mto Lowa na bawa la ndege

Simama kando ya mto Lowa, angalia maji yanavyopita kwenye jiwe. Mbele ya jiwe maji yanateleza vizuri. Nyuma yake yanajizungusha, yanapoteza nguvu. Hewa juu ya bawa inafanya vilevile. Hewa ikishika mgongo wa bawa vizuri, ndege inabebwa. Rubani akipunguza mwendo na kuinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa inabanduka kwenye bawa, inaanza kujizungusha kama maji nyuma ya jiwe. Hapo bawa halibebi tena, na ndege inaanguka.

Mwaka 1904, mwalimu mmoja wa Ujerumani, Ludwig Prandtl, alionyesha kwamba mambo yote yanaanzia katika tabaka jembamba sana la hewa lenye kugusa bawa. Alionyesha pia kwamba ukinyonya tabaka hilo kupitia ufa mdogo, hewa inaendelea kushikamana. Kazi ya kuongoza hewa ilianza hapo.

Ndege za Kilambo zilitumia fundisho hilo kwa njia ya zamani. Let 410, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969 Chekoslovakia, iko na vipande nyuma ya bawa ambavyo rubani anavishusha wakati wa kutua. Katikati kuna nyufa. Hewa yenye nguvu inapita humo toka chini, inakuja kusaidia hewa ya juu iliyochoka. Kwa hiyo ndege inaweza kwenda polepole bila kuanguka.

Na mwendo njo siri yote. Ukipunguza mwendo wa kutua kwa sehemu 10 kwa 100, nafasi ya kusimama inapungua karibu sehemu 20 kwa 100. Kwa pisti fupi, hiyo ni tofauti kati ya kufika na kuingia msituni.

Goma iko juu, hewa ni nyepesi

Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Pale hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu karibu 14 kwa 100, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linapata hewa kidogo, injini vilevile. Ndege inapaswa kukimbia zaidi chini mbele ya kuruka. Uzito uliokubaliwa Mombasa haufai kukubaliwa Goma bila kupigiwa hesabu upya.

Pisti ya Goma ilikuwa na kilometre 3. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika karibu sehemu moja kwa tatu. Tarehe 15 mwezi wa ine 2008, ndege ya abiria DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere, kati ya watu. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, Dornier 228 iliyokuwa inaenda Beni ilianguka katika kartie Mapendo punde baada ya kuruka. Kila ajali iko na sababu zake. Lakini zote mbili zinatukumbusha kwamba mji huu hauna nafasi ya kusamehe kosa: hewa nyepesi, pisti fupi, nyumba karibu.

Inje wamefika wapi

Leo watafiti hawatumii tu vipande vya chuma. Wanapuliza hewa kupitia vitundu vidogo juu ya bawa ao mkia. Shirika la NASA na kampuni Boeing, pamoja na vyuo vikuu vya Arizona na Caltech, walijaribu mkia wa Boeing 757 namna hiyo. Katika nyumba ya upepo, nguvu ya mkia iliongezeka kwa zaidi ya sehemu 20 kwa 100. Mwaka 2015 waliurusha kwenye ndege kamili. Maana yake, siku moja mkia unaweza kuwa mdogo, ndege nyepesi, mafuta kidogo.

Uingereza, Chuo Kikuu cha Manchester na kampuni BAE Systems walirusha mwaka 2019 droni inayoitwa MAGMA. Inaweza kugeuka kwa hewa inayopulizwa, bila vipande vya kusogea. Lakini tuseme ukweli: BAE inatengeneza silaha. Marekani pia, ofisi ya utafiti wa jeshi inalipia ndege ya aina hiyo, X-65.

Hilo linatuhusu. Watu wa Masisi wanajua sauti ya droni. Mwezi wa kumi na mbili 2013 MONUSCO ilirusha za kwanza toka Goma, za kuangalia tu. Leo kuna zenye kuangusha bomu. Ufundi huo huo, Rwanda toka 2016, unapeleka damu hospitalini. Hewa haichagui kati ya damu na bomu, wanaochagua ni watu wenye kulipia utafiti.

Sisi tunapata nini?

Ndege mpya hazitafika kwetu kesho. Toka mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umekataza makampuni ya ndege ya Kongo kuingia katika anga yake, kwa sababu ya usalama. Ugonjwa wetu ni mizigo kupita kiasi, vipande vya kubadilisha ambavyo havibadilishwi, na ukaguzi dhaifu. Hakuna bawa lenye kuponya ndege iliyopakiwa kupita kipimo.

Tena, toka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, uwanja wa ndege ulifungwa. Mwezi wa tatu mwaka huo Walikale-centre nayo iliingiliwa na M23, ambao waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa ine. Tarehe 30 mwezi wa kumi, Paris, Rais Macron alitangaza kwamba Goma itafunguliwa kwa ndege za msaada. M23 walijibu kwamba tangazo hilo halikuja kwa wakati wake. Mama mwenye mtoto wa bwaki kule ndani ya Walikale hajali nani alisema nini. Anangoja dawa, na kama barabara imekufa, dawa inapita hewani ao haifiki.

Vijana wetu wanaosoma uinjinia wanaweza kuanza na mambo madogo: kupima upepo na joto kwenye kila pisti, kupima urefu wake, kuandika uzito ambao ndege inaweza kubeba pale asubuhi na saa nane ya mchana. Hiyo haiombi nyumba ya upepo kama ya NASA. Inaomba kipima-joto, kamba ya kupimia, kalamu na mwalimu wa fizike.

Na wewe msafiri, ukiona wanaongeza magunia nyuma ya kiti chako kiisha kupima, uliza. Ni haki yako.