Pedeli Ikizama, Gia-boksi Ina Kosa Gani?

Iko desturi moja ya mafundi wetu wa magari inayonisumbua sana, nami naomba nafasi katika gazeti letu niitolee maoni. Dereva akikanyaga klachi, pedeli ikazama mpaka chini na gia zikakataa kuingia, mara utasikia, "Klachi imekwisha, gia-boksi ishuke." Wala hajatazama mtu lolote! Kwa maoni yangu hilo ni kosa, tena kosa la gharama kubwa kwa wenye magari ya kale, maana mara nyingi ugonjwa haumo ndani ya gia-boksi kabisa. Umo katika raba ndogo ambayo yaweza kufikiwa kwa spana mbili tu.

Nitatoa mfano wa motokaa ambayo wapenzi wa mashindano wanaijua, yaani Datsun 240Z. Edgar Herrmann alishinda nayo East African Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo mwaka 1973 baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine. Sasa ni gari la kale, ingawa wako watu wanaozitunza na kuzikimbiza hata leo. Nimelichagua kwa sababu klachi yake huendeshwa kwa mafuta, kama ilivyo katika pikapu nyingi zinazobeba mpunga hapa Mchombe, na sehemu zake zote za mafuta ziko nje, mtu aweza kuziona kwa macho.

Kazi yake ni hivi. Pedeli husukuma rodi ndani ya masta ya juu, iliyofungwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na dereva. Mafuta ya breki hutoka humo, hupita katika bomba la chuma, kisha bomba la raba, hata kufika masta ya chini iliyo ubavuni mwa gia-boksi, nayo husukuma uma wa klachi. Ni kanuni ile ile ya Pascal tuliyofundishwa katika fizikia, ya kwamba mgandamizo katika kimiminika kilichofungwa husambaa sawa kila upande. Sisi tuliichora daftarini tukapita.

Basi pedeli ikizama, hapana budi kuanza juu. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta. Yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali, kwa hiyo usiongeze tu ukaenda zako. Ingiza mkono chini ya dashibodi, upapase pale rodi ya pedeli inapoingia ukutani. Kukiwa na umajimaji, masta ya juu inavuja. Halafu shuka chini, uifunue ile raba ya vumbi ya masta ya chini. Ikitoa mafuta, umeona mgonjwa wako. Mara nyingine hakuna tone lolote nje, lakini ukipampu pedeli hupanda, na ukiikanyaga na kuishikilia huzama polepole. Hapo raba ya ndani ya masta ya juu imelika na mafuta yanapita kando yake. Pedeli ikiwa laini kama sifongo, mna upepo. Lilitazame na bomba la raba wakati mwenzako anakanyaga, maana likizeeka huvimba, na nguvu yote huishia humo.

Mwisho, tazama rodi ya masta ya chini inatembea kiasi gani. Katika Datsun hiyo yapasa kutembea nusu inchi hivi. Ikiwa inatembea vema na gia bado zinalia, hapo ndipo nami nitakubali gia-boksi ishuke. Kazi yote hii haimalizi saa moja.

Saa moja hiyo yaweza kuwa na thamani kubwa. Mjomba wangu ana pikapu ya zamani, na wakati wa mavuno ilipatwa na ugonjwa huu huu. Fundi mmoja alishusha gia-boksi, akatia pleti mpya, akarudisha. Pedeli ikazama vile vile. Siku nne zilipita, mjomba amekwisha kulipa pleti na ufundi, na mnunuzi aliyekuwa akingojea magunia yake alikwisha nunua ya jirani. Masta ya chini ilikuwa imelowa tangu siku ya kwanza. Mwenye gari asione haya kusema, "Bwana fundi, nionyeshe kwanza hiyo rodi inavyotembea." Fundi wa kweli hatakasirika.

Wako wanaosema kwamba ikivuja moja, ibadilishwe raba ya hiyo moja tu, kwa kuwa fedha ni haba. Siwalaumu, lakini wapitishe kwanza ukucha ndani ya silinda. Ukuta ukiwa laini, raba mpya itatosha. Ukikwaruza, kutu imekwisha kula chuma, na raba mpya itachanika upesi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na bonde letu la Kilombero lina unyevu mwingi, kwa hiyo kutu hii si ajabu. Tena masta zote mbili zina umri mmoja na zimekunywa mafuta yale yale. Ukitia nguvu mpya juu, ile nzee ya chini haikawii kufuata. Mimi ningebadilisha zote mbili pamoja na bomba la raba, nikasahau.

Jambo nisiloweza kulisamehe ni kutia mafuta ya injini katika kikopo cha klachi eti "yote ni mafuta." Raba zile hazikutengenezwa kwa mafuta hayo, huvimba na kuharibika zote, juu na chini. Yatiwe mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko au katika kitabu cha gari.

Spea mpya zikikwisha fungwa, upepo hutolewa na watu wawili. Mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua nipo ya masta ya chini na kuifunga kabla pedeli haijaachwa, mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja. Kisha rodi ya pedeli irekebishwe ili pedeli iwe na uwazi kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Bila uwazi huo tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, klachi huanza kuteleza, na pleti iliyokuwa nzima huungua.